Mvua Katikati ya Sentensi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, mapema kuliko mwaka jana. Mdogo wangu wa kike kaingia na viatu mkononi, kalowa chapachapa, na kabla hata hajajifuta akasema, "Kaka, tumepanga tarehe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano."

Nilikuwa jikoni, mwiko mkononi. Nikataka kusema "Hongera." Ile h ikanikaba kooni, basi nikaiacha nikasema, "Safi," neno ambalo huwa halinisumbui. Ndivyo nilivyo. Maisha yangu yote sijasema ninachotaka, nimesema ninachoweza.

Yeye ananijua. Akasimama pale pale, maji yakimchuruzika, akasubiri mpaka nikaipata: "H-h-hongera."

"Ahsante. Sasa sikia. Baba hayupo, mama hayupo. Neno la familia siku ile utalitoa wewe. Simtaki mtu mwingine."

Wali ukaungua.

Jumanne, 5 Machi

Nafikiria ile harusi na sioni harusi, naona nyumba hii baada yake. Mchumba anakaa mji mwingine, safari ya siku nzima, na mdogo wangu anahamia huko. Yeye ndiye anayempigia simu fundi bomba. Yeye ndiye anayezungumza na mama mwenye nyumba. Sokoni mimi nabeba kikapu, yeye anapatana bei. Mimi ni mikono, yeye ni mdomo.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Kazini, seti mbili za meno ya juu na moja ya chini.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua tena. Daktari kaniuliza kama naumwa. Nimetikisa kichwa.

Hapa kwenye karatasi sikwami, kwa hiyo niseme kazi yangu ilivyo. Naunda meno ya bandia katika chumba cha nyuma cha kliniki. Daktari anampima mgonjwa huko mbele, mimi napokea plasta yenye alama ya taya lake, naziumba fizi kwa nta, napanga meno moja moja mpaka yakutane vizuri. Mtu anatoka hapa na mdomo nilioutengeneza mimi, na hajawahi kuusikia wangu. Niliichagua kazi hii kwa sababu hiyo hiyo.

Ijumaa, 15 Machi

Nimepiga moyo konde nikaenda hospitali kumwona mtaalamu wa usemi. Ni mama mmoja mnene, mpole, na feni yake inapiga kelele kuliko wagonjwa wake wote. Alinisikiliza nikisema jina langu, na hilo peke yake lilichukua muda. Kisha akauliza, "Umewahi kujisikia mwenyewe?"

Sijawahi.

"Basi unaogopa sauti usiyoijua. Tafuta kitu cha kurekodia ujisikilize kila siku."

Nikatoa simu. Akatikisa kichwa. "Hapana. Ulipoitoa hiyo tu mabega yamepanda. Simu inaita, na wewe ikiita unakufa. Tafuta kisichoita. Zile MP3 za mfukoni za kusikilizia muziki, lakini iwe na kurekodi. Iwe na kitufe cha kweli, unachokihisi kwa kidole. Iweze kupunguza kasi, ili sehemu uliyokwama uisikilize polepole. Uweke na muziki humo, usome ukifuata mapigo."

Nilikuwa natafuta kalamu niandike. Akanishika mkono. "Usiende dukani na karatasi, kaka yangu. Nenda ukaulize kwa mdomo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumamosi, 16 Machi

Shemeji mtarajiwa kaja kututembelea, na mdogo wangu akamwambia anisindikize dukani. Naye nimwite Mnadi, maana ndiyo kazi yake: anauza vitu kwenye minada, makabati, mafriji, magari ya watu waliofilisika. Anasema kama anafukuzwa. Njia nzima sikuhitaji kujibu chochote. Alikuwa anauliza na kujijibu.

Duka lenyewe limejaa taa za rangi na spika zinazopiga makelele hadi barabarani. Muuzaji akatandaza MP3 kwenye kioo kama mtu anayegawa karata. Nikachukua moja, nikajikaza.

"Hii inaweza kupunguza ka— ka— ka—"

"Kava?" akasema muuzaji. "Kava tunakupa bure."

Nikatikisa kichwa. "Ka— ka—"

"Kadi! Kadi ipo, bosi, inaingia kubwa kabisa, unaweka nyimbo mpaka wajukuu wasikilize."

"Ka—"

"Kamera!" akadakia Mnadi. "Shemeji anataka yenye kamera! Ipo?"

"Ipo!"

Watu wawili nyuma yangu walikuwa wanasubiri. Neno nililolitaka ni kasi tu, herufi nne. Mnadi alishaishika ile yenye kamera, anaigeuza juu ya mkono, sauti imepanda kama yuko juu ya meza ya mnada: "Skrini ya kugusa, rangi nyekundu, redio ndani, kamera ndani! Mara ya kwanza, mara ya pili… imekwenda!" Muuzaji kacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe, nikalipia kitu nisichokitaka ili nitoke mle dukani.

"Umeona? Mambo chapuchapu," akaniambia Mnadi nje, akanipiga begani. Hakuwa na ubaya wowote. Nilimchukia mpaka nyumbani.

Jumapili, 17 Machi

Ile nyekundu inarekodi kama mtu aliyezama kwenye pipa. Haina kitufe, ni kupapasa kioo tu. Nikiisimamisha kidogo inafunga faili na kuanza jingine. Kasi ni ile ile moja. Nimempa mdogo wangu asikilizie redio.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

Jumapili, 24 Machi

Baba mdogo kaja kuhusu harusi. Mtu mzuri, alitusomesha. Kamngoja mdogo wangu atoke sebuleni, kisha akasogeza kiti. "Mwanangu, hakuna atakayekulaumu ukiniachia mimi. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi."

Wahenga hao nadhani walijikwaa ulimi mara moja moja. Wanasema pia ulimi hauna mfupa. Wangu unao, na pengine una goti.

Nilitaka kumjibu "Nitajaribu." Nikakwama, akanipapasa goti, akasema, "Haya, haya, tumeelewana." Hatukuelewana.

Jumamosi, 30 Machi

Nimetoka peke yangu, mvua ikinyesha, nikakwepa lile duka la taa. Nyuma ya stendi kuna uchochoro wa mafundi wa vitu vya umeme. Mmoja ni mwanamke wa makamo, kaunta yake imejaa hedifoni zilizokatika nyaya, na kando kuna sanduku la kioo lenye vitu vya mitumba anavyovitengeneza na kuuza. Alikuwa analehemu waya mwembamba kama unywele. Hakuinua macho.

"Karibu, kaka. Sema tu, nakusikia. Nikiinua kichwa hapa nitaunguza."

Nikaanza. Nilikwama kwenye "kurekodi," nikakwama kwenye "kitufe," na kwenye "kasi" nilikwama sana. Moshi mwembamba ulikuwa unapanda, mkono wake haukutikisika. Hakunisaidia, na hakukunja uso kwa huruma. Alikuwa na kazi yake. Kwa mara ya kwanza maishani nilimaliza sentensi dukani.

"Kupunguza kasi," akasema, akaweka chuma chini. "Ninazo mbili."

Ya kwanza ni ndogo, ya kubana kwenye shati, nyepesi, nzuri. Ya pili ni nene, nyeusi, rangi imechubuka pembeni, inatumia betri za kawaida, na ubavuni ina swichi ya kusukuma kwa kidole gumba.

"Hiyo ndogo inacheza muziki vizuri kuliko hii," akasema. "Lakini maikrofoni yake ni moja na ni ya bei rahisi, itakunyang'anya s na f zote. Hii nene ina mbili. Na ukiwa unarekodi unaweza kuisimamisha katikati, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukaendelea, na yenyewe ikaunga kama hukuondoka. Usiniamini mimi. Jaribu."

Nikasimama barazani nikarekodi kwenye zote mbili maneno yale yale. Kwenye ile ndogo mvua ilikuwa kelele moja tu. Kwenye ile nene nilisikia matone ya bati na matone ya dimbwi, kila aina peke yake. Nikachukua nene. Mkononi ina uzito wa yai.

Jumapili, 31 Machi

Mdogo wangu alipotoka nilifunga mlango, nikasoma aya moja ya gazeti, nikajirekodi. Kisha nikakaa na hedifoni masikioni na kidole juu ya kitufe kwa muda mrefu, kama mtu aliyeletewa majibu ya vipimo.

Nikabonyeza.

Sauti si mbaya. Ni sauti ya baba. Hilo sikulitegemea hata kidogo, na nilisimamisha mashine nikalia kidogo kabla ya kuendelea.

La pili ni hili: nikikwama, ndani yangu ni kama mlango umefungwa na watu wote wa mji wamesimama nje wakinitazama. Lakini kwenye mashine kile kimya ni kifupi. Ni muda wa mtu kumeza mate. Nikarudia, nikadhani imekosea. Haikukosea. Muda wote huu watu wamekuwa wakinimalizia maneno kwa sababu ya kimya kisichozidi muda wa kumeza mate.

Jumanne, 9 Aprili

Barabara ya kliniki imejaa maji. Nimevuka na suruali nimeikunja magotini.

Jumapili, 14 Aprili

Mnadi kaja, sauti imemkauka. Alinadi siku tatu mfululizo na sasa anatoa upepo tu. Mdogo wangu alikuwa kazini, kwa hiyo tulikaa wawili sebuleni, mabubu wawili, mvua ikisema yenyewe.

Akaniona na mashine, akaashiria nimrekodi. Akanong'ona maneno yake yote ya kunadia, ya friji bovu. Nikampa hedifoni. Nilimtazama akisikiliza, na tabasamu lake likafifia taratibu.

"Ndivyo ninavyosema?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sipumui." Akasikiliza tena. "Shemeji, sipumui hata mahali pamoja." Kisha, kwa ile sauti ya mchanga: "Nikinyamaza watu wananiuliza kama naumwa. Toka utotoni. Tulikuwa watoto tisa, ukinyamaza unakosa chakula. Dada yako ananiambia simsikilizi. Nilidhani ananionea."

Nilitaka kumwambia kuhusu siku ile ya duka. Nikaanza, "Siku i-i-ile ya k—" Nikaona mdomo wake unafunguka kunimalizia, nikamkazia macho, akaufunga. Akaubana kwa mkono, kama mtoto. Nikamaliza. Nilimwambia yote, kava, kadi na kamera.

Alicheka hadi akakohoa, kisha hakucheka tena. "Siku nyingine nikikumalizia neno, nikanyage mguu. Kweli. Nikanyage."

Si mtu mbaya. Ni mtu mwenye njaa ya zamani.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimeanza kuitengeneza hotuba. Naisema kipande kipande. Nikihisi kukwama kunakuja, nasukuma swichi, mashine inasimama, naendelea nikiwa tayari. Wakati mwingine neno moja linanigharimu mchana mzima.

Jumatatu, 29 Aprili

"Mabibi na mabwana" imekamilika.

Jumatano, 8 Mei

Mdogo wangu kaanza kufungasha. Vyombo vyake vimetoka kabatini, na kabati linaonekana kama mdomo kabla sijaupa meno. Hatusemi lolote kuhusu hilo. Jioni tumekunywa chai na yeye kaongea kwa ajili yetu sote wawili, kama kawaida, lakini leo alikuwa anaongea haraka.

Jumapili, 19 Mei

Imekwisha. Hotuba nzima bila kigugumizi hata kimoja. Mtu yule ndani ya mashine anasema vizuri kama mtangazaji. Nimeamua: siku ya harusi nitampa mpiga muziki waya, achomeke kwenye spika, mimi nisimame kando yake. Hakuna atakayejikwaa.

Alhamisi, 23 Mei

Nimemsikilizisha mdogo wangu. Nilidhani atafurahi.

Alikaa kitandani kwake, kando ya sanduku lililofungwa kamba, hedifoni masikioni. Nilimtazama usoni kama muuzaji anavyomtazama mteja. Mwanzoni alitabasamu. Kisha akakunja uso, akasogeza hedifoni kana kwamba ina kasoro.

"Kaka, mbona mvua inaanza na kukatika?"

Sikuelewa. Akanipa sikio moja. Ni kweli. "Mdogo wangu," nasema, na mvua inanyesha kwa nguvu. "Hajawahi," kumekauka, ndege wanalia. "Kunimalizia neno," mvua tena, na radi. Mimi nilikuwa nasikiliza maneno tu. Sikuwahi kuisikia mvua.

"Ulirekodi sentensi hii kwa muda gani?"

"W-w-wiki," nikasema.

Akazitoa hedifoni. "Huyu simjui. Anasema vizuri, lakini simjui. Mimi nataka uje wewe."

Nikakasirika, jambo nisilolizoea. Nikamwambia, kwa shida na kwa muda mrefu, kwamba yeye hatakuwepo tena baada ya siku ile, na mimi ndiye nitakayebaki na aibu katika mji huu. Alisubiri nilipokwama kwenye "aibu." Alisubiri hadi mwisho, kisha akasema, "Ukitaka kuipiga, ipige. Lakini nitakuwa namsikiliza mtu mwingine siku yangu ya harusi."

Nimeiacha mashine kabatini.

Jumapili, 26 Mei

Jana ilikuwa hivi.

Ukumbi ulijaa. Mvua ilipiga bati mpaka mpiga muziki akaongeza sauti. Nikaitwa. Niliposhika maiki mkono ulikuwa mkavu, na nilifikiri hiyo ni dalili njema. "Mabibi na mabwana" ilipita. Nikawashukuru waliokuja, nikakwama mara mbili, watu wakavumilia. Nilimwona baba mdogo meza ya mbele anatazama sakafu. Nilimwona mdogo wangu kule juu kwenye kiti chake, ananitazama kama anavyonitazama jikoni, bila haraka.

Nikasema, "Mdogo wangu ha—"

Ikaniziba. Nikajiambia ni muda wa kumeza mate. Nikapumua kama yule mtaalamu wa usemi alivyonifundisha.

"Ha— ha—"

"Hana mfano!"

Ilikuwa sauti ya Mnadi. Alisimama bila kujijua, mkono juu, kama mtu aliyeona bei nzuri ikitaka kupotea. Ukumbi ukalipuka. Vifijo, makofi, watu wamesimama. Mpiga muziki akadhani nimemaliza, akafungulia muziki, wakaanza kucheza.

Nikabaki na maiki mkononi. Mguu wake ulikuwa mbali.

Watu wote walikuja kunipa mkono. "Hotuba fupi, tamu!" "Hana mfano! Umesema kweli!" Baba mdogo alinikumbatia, machozi yanamtoka. "Mwanangu, nilikuwa na shaka nawe. Nisamehe." Nikasema, "Ahsante." Ni neno rahisi.

Mdogo wangu alitaka kushuka aje, lakini walikuwa wamemzunguka wakipiga picha. Tulitazamana juu ya vichwa vya watu. Sisi wawili tu humo ndani ndio tuliojua kwamba sikusema kitu.

Jumatatu, 27 Mei

Wameondoka asubuhi hii. Mvua ya rasharasha. Gari la kukodi lilijaa mizigo mpaka juu, dereva anatazama anga na kulalamika kuhusu matope ya njiani. Mnadi alikuwa kimya. Sijui mdogo wangu alimwambia nini, lakini alikuja akasimama mbele yangu akatazama viatu vyake. "Shemeji, nilisahau kukaa karibu na mguu wako." Nikamkanyaga, taratibu. Akaitikia kwa kichwa, akaingia mbele karibu na dereva.

Mdogo wangu akateremsha kioo. Tulishikana mikono dirishani. Nilikuwa nimepanga kusema "Safari njema." Maneno mepesi, nimeyachagua toka juzi. Lakini niliyatazama yale maneno nikaona nimechoka nayo. Nikaenda kwenye lile lingine.

"Nitakuwa m—"

Ikanishika kwenye midomo, imefungwa kabisa. Dereva akaingiza gia. Gari likasogea kidogo, mkono wa mdogo wangu ukaanza kuniponyoka.

"Simama," akasema Mnadi.

"Bosi, tunachelewa, huko mbele kuna—"

"Simama! Hajamaliza."

Gari likasimama. Vifuta vioo vilikuwa vinakwenda na kurudi. Mnadi alitazama mbele, midomo kaibana mpaka imekuwa myeupe, na najua kimya hicho kilikuwa kinamuuma kuliko kinavyoniuma mimi. Dereva akaangalia saa, akamwangalia Mnadi, akazima injini. Mdogo wangu hakusogeza hata jicho.

"M— mp— mpweke," nikasema. "Nitakuwa mpweke."

"Najua, kaka," akasema. "Na mimi."

Basi. Injini ikawashwa, wakaenda. Nilisimama barabarani mpaka mtu akanipigia honi nipishe.

Jumanne, 28 Mei

Kazini. Sijasema neno na mtu yeyote leo.

Jumamosi, 1 Juni

Mvua imepungua. Nyumba ina sauti ambazo sikuwahi kuzisikia: bomba, bawaba, friji. Jioni niliwasha muziki kwenye ile mashine nene nikausikiliza nikipika ugali, na nilipozima kimya kilikuwa kikubwa kuliko kabla sijawasha.

Ijumaa, 7 Juni

Jua la kweli leo, la kwanza. Mama mwenye nyumba kagonga mlango. Paa la choo limevuja na anataka kujua fundi aje siku gani. Akachungulia nyuma yangu, kama anayetafuta.

"Mdogo wako ndiyo keshaondoka moja kwa moja? Maskini. Sasa mambo ya nyumba nitaongea na nani?"

"Na m— na m— na m—"

Nilimwona anataka kunisaidia. Nilimwona pia anaghairi. Alitazama kiti kilichokuwa barazani, akakivuta, akafuta maji kwa upindo wa kanga, akaketi.